Pakeni mafuta mwili ukiwa bado mbichi

Mhariri,

Pepo za kusi zimeshika, na madukani kuanzia Mwembe Tayari hadi Kongowea kila mtu anatafuta mafuta ya kuondoa mpauko. Naomba nafasi niseme jambo moja ambalo lingewaokoa wengi gharama: kinachokosewa mara nyingi si aina ya mafuta, ni wakati wa kuyapaka.

Mafuta hayana maji. Kazi yake ni kuyazuia maji yaliyomo ndani ya ngozi yasitoroke, na kifuniko ukikiweka juu ya sufuria tupu hakikupi maji. Anayeoga, akajikausha hadi akawa mkavu kabisa, akavaa, kisha akakumbuka mafuta nusu saa baadaye, amefunika ukavu. Mwili utang'aa asubuhi, na kufikia adhuhuri miundi imeshapauka tena. Jikaushe kwa kubonyeza taulo au kanga, bila kusugua, na upake ndani ya dakika tatu, mwili ukiwa bado mbichi. Kwa njia hiyo vijiko viwili au vitatu vya chai vya mafuta vinamtosha mtu mzima mwili mzima.

Hapa Mombasa hata Julai hewa ina unyevu, kwa hiyo ukavu wetu mwingi tunajitafutia wenyewe. Kwa kuwa asubuhi joto hushuka hadi nyuzi 20 au 21, watu huchemsha maji ya kuoga na kujimwagia yakiwa moto sana. Maji ya moto pamoja na sabuni huondoa mafuta ya asili ya ngozi. Yawe vuguvugu tu, uyapime kwa kiwiko, na kuoga kusizidi dakika 10. Sabuni ipake kwapani, sehemu za siri, miguuni na palipochafuka. Mikono na miundi ya mtu aliyeshinda ofisini haihitaji sabuni kila siku. Sabuni ya kufulia iachiwe nguo, kwani ukali wake ni mwingi mno kwa ngozi. Wanaofanya kazi chini ya kiyoyozi nao wajue kwamba mashine ile hukausha hewa, kwa hiyo mikono ipakwe tena mchana.

Liko pia suala la maji ya visima, ambalo halizungumzwi vya kutosha. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi na magumu. Sabuni haitoi povu humo, mtu huongeza sabuni, na mwisho hubaki utando unaowasha mwilini. Kama huna budi kuyaogea, weka kando lita mbili au tatu za maji matamu za kujisuuzia mwisho. Mwenye mtoto mwenye pumu ya ngozi huenda akaona tofauti.

Sasa mafuta yenyewe. Ya nazi yanafaa sana, mradi yamepikwa vizuri. Nazi ziwe kavu, zilizokomaa. Kuna kwa mbuzi, kamua tui zito kwa kifumbu na maji vuguvugu kidogo, kisha lichemshe kwa moto mdogo huku ukikoroga chini ili lisishike. Mafuta yatajitenga, na mashapo yataanza kuwa ya kahawia. Hapo sikiliza: maadamu sufuria inatatarika, maji yangalimo. Epua mlio unapokoma na kabla mashapo hayajawa meusi, maana yakiungua mafuta hubeba harufu ya moshi isiyotoka. Acha yapoe, chuja kwa kitambaa kikavu, weka kwenye chupa kavu mbali na jua. Mafuta mengi ya mitaani huvunda ndani ya wiki chache kwa sababu ya maji yaliyobaki, au kwa sababu ya chupa iliyooshwa ikajazwa kabla ya kukauka. Yakinuka ukali usiyapake, yatawasha.

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24. Hayajaharibika, wala hayajachanganywa na samli kama wanunuzi wengine wanavyodhani. Tumbukiza chupa kwenye maji ya moto dakika chache, au chukua kidogo uyayeyushe viganjani. Usiyabandike motoni. Usoni uyatumie kwa tahadhari, kwa kuwa huziba vinyweleo na kuleta chunusi. Mafuta ya zeituni husifiwa mno, lakini yana asidi ya oleiki kwa wingi, nayo hulegeza ukuta wa juu wa ngozi. Kwa ngozi kavu, ya alizeti ya kawaida yanafaa zaidi na bei yake ni nafuu.

Shubiri inaleta unyevu, lakini wengi huipaka na utomvu wake wa njano, kisha wakalalamika kwamba inawasha. Likate jani, lisimamishe dakika 15 utomvu wote udondoke, lioshe, menya, uchukue ute mweupe wa ndani peke yake. Nao ukishapaka, funika kwa mafuta, la sivyo utakauka na kuiacha ngozi imekaza.

Limau na sukari, ambazo husambazwa sana kwenye simu kama dawa ya kulainisha, ziacheni kabisa. Sukari huchubua, limau huunguza, na ukitoka juani na maji ya limau mwilini unaweza kutoka malengelenge na mabaka meusi ya kukaa wiki nyingi. Dodoki mara moja kwa wiki latosha msimu huu. Liwa, ule unga wa mti wa manukato tunaojisinga, nayo isiachwe ikakauka hadi kupasuka mwilini. Itolewe ingali na umajimaji. Kunywa maji ni kwema, ila asiyekuwa na kiu ya muda mrefu hataponya ngozi kwa kunywa glasi za ziada.

Magaga huhitaji subira. Loweka miguu dakika 10 katika maji vuguvugu, sugua taratibu kwa jiwe la miguu, paka mafuta mazito, vaa soksi za pamba ulale nazo. Ukitaka mafuta mazito ya asili, yeyusha kijiko kikubwa kimoja cha nta ya nyuki iliyokunwa katika vijiko vinne vya mafuta ya nazi, bakuli likiwa ndani ya maji ya moto. Wembe usiguse kisigino. Mwenye kisukari asiloweke wala asisugue. Amwone mhudumu wa afya, kwa kuwa kidonda cha mguu kwake ni hatari.

Na si kila muwasho ni ukavu. Ukizidi usiku, ukaanzia katikati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na wenzako chumbani nao wakajikuna, huo ni upele. Mafuta hayautibu, dawa yake iko kliniki, na hutumiwa na wote wanaolala pamoja siku ile ile.

Mwisho nawageukia wazazi wenye watoto katika shule za bweni huko Limuru na Nyahururu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ambako alfajiri za Julai hukaribia nyuzi 10 na hewa ni kavu kuliko yetu. Mtoto huoga gizani na kukimbilia darasani bila kupaka chochote. Msimpe mafuta ya nazi katika chupa yenye mdomo mwembamba, yataganda na hatayapata. Myatie kwenye kopo la mdomo mpana, mmwambie aende nalo bafuni, apake palepale kabla ya kuvaa shati.

Mpishi wa mafuta ya nazi,
Kisauni, Mombasa