Ile taa ya Mzee isitoke

Keighley, Uingereza, Jumapili usiku

Somo yangu,

Salaam aleikum, na poleni tena. Arobaini ya Mzee imepita nami niko huku mbali, na hilo halinitoki moyoni. Mama hajambo? Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutafuna.

Ile sauti uliyonitumia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Ati mtu wa vyuma chakavu amepima vitu vya Mzee kwa kilo, na taa yake ya ugadi wa treni ndani yake, na shemeji wa Mwatate ameshakubali bei! Somo, kwa haki ya mihogo tuliyokula pamoja pale stesheni, nakuomba: taa isitoke. Ningekupigia, lakini kwenye simu ningelia.

Jana nilipanda treni ya mvuke mpaka Oakworth. Stesheni ndogo, imekaa kwenye njia ya kilomita nane hivi kutoka hapa Keighley hadi Oxenhope. Walioitaka reli hiyo ni wenye viwanda vya sufu wa bonde hili, ikafunguliwa 1867. Wenyeji husimulia kwamba kazi ilichelewa kwa sababu ng'ombe alizila ramani za ujenzi hapo hapo Oakworth. Mzee angecheka mpaka akohoe! Miaka karibu mia ikapita, wakubwa wakaona haina faida, na treni ya mwisho ya abiria ikapita mwishoni mwa 1961. Unakumbuka treni yetu ya usiku ilivyonyamaza 2017, SGR, ile reli mpya, ilipoanza? Kimya cha namna ile ile.

Lakini 1962 watu wa huku wakaunda chama. Miaka sita walihangaika, na Juni 1968 treni ikarudi. Agosti ya mwaka huo huo shirika la reli la Uingereza likaacha kabisa injini za mvuke. Wenzao wanazima moto, wao ndio kwanza wanauwasha. Mpaka leo njia inaendeshwa na watu wa kujitolea, hata tikiti unakatiwa na mtu asiyelipwa. Na Oakworth ikapata jina zaidi kwa filamu iliyopigwa pale 1970, maana ya zamani yote yalikuwapo bado: moto wa makaa ya mawe, matangazo ya bati ukutani, taa za gesi.

Hizo taa ndizo zilizonikalisha chini. Nilimkuta mzee mmoja wa makamo ya baba zetu anafuta kioo cha mojawapo. Anahemea, anafuta, anainua kichwa kutazama, anahemea tena. Nikamwona Mzee barazani kwenu baada ya magharibi, na kile kipande cha kanga ya Mama, anaanza kioo chekundu, halafu cha kijani, cheupe mwisho. Nasi tumekatazwa kugusa. Nilikaa kwenye benchi mpaka treni ya kurudi ikaniacha, nikangoja nyingine.

Basi fanya hivi. Leo hii toa taa, filimbi na zile bendera mbili, uzifungie kwenye sanduku la Mama. Bei aliyotaja yule mtu nitaituma mimi, shemeji asione amepunjwa. Mabati na vyuma vya baiskeli avichukue, sina neno. Na kitabu chake cha safari, kile chenye jalada jeusi, kama mchwa hawajakifikia... kitafute, somo.

Sasa nijibu. Kioo cha kijani bado kizima, au kile kiufa kimeendelea? Yule mzee aliyekuwa akigeuza njia za reli yuko hai? Anaweza kukaa nawe jioni moja akasimulia, ukamrekodi? Ufunguo wa chumba cha tikiti cha zamani anao nani siku hizi? Na Mama mwenyewe, je, kuna aliyemuuliza kama anataka taa iuzwe?

Wako,
Somo