Tairi la akiba lisiwe lolote litakaloingia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapa hivi karibuni juu ya utunzaji wa magari ya zamani. Katika mambo ya rangi, kutu na injini makala ile ilikuwa nzuri, nami nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likituandikia sisi tuliokaa na magari haya kwa miaka mingi. Hata hivyo, sehemu ya matairi ilimalizika kwa sentensi moja ambayo siwezi kuiacha ipite: kwamba mwenye gari aagize matairi manne mapya yaliyotengenezwa kwa mfano wa yale ya asili, na la akiba liwe lolote litakaloingia. Nilifuata ushauri wa namna hiyo kabla haujaandikwa gazetini, na nusura nimtumbukize mama yangu bondeni.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwaka 1965, niliyoachiwa na marehemu baba. Wasomaji wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa kwa nini gari hili lilipendwa Afrika Mashariki. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na tope ambazo magari makubwa zaidi yalikwama. Baada ya kulifufua, niliagiza kutoka Ulaya matairi manne ya 165 R 15, yaani upana wa milimita 165 kwa rimu ya inchi 15, yenye kashata (ile michoro ya sehemu inayokanyaga barabara) ya mtindo wa zamani lakini raba mpya. Nilipiga hesabu ya nauli na ushuru, nikaona la tano ni anasa. Mbele, chini ya boneti, nikaliacha tairi la baba la 5.60-15, ambapo 5.60 ni upana kwa inchi, ambalo kwa kulitazama tu lilikuwa na kashata nzima kabisa, kwa kuwa halikuwa limetumika sana.

Tulikuwa tunatoka Tanga kwenda Lushoto kwenye msiba. Tulipofika Mombo, tairi la nyuma la kulia likapata pancha, nikafunga lile la akiba, tukaanza kupanda mlima huku mvua ikinyesha. Kona za kulia gari lilishika barabara kama kawaida. Kila nilipoingia kona ya kushoto, mkia wa gari ulitoka nje kuelekea ukingoni, hata nikiwa katika mwendo wa mtu anayesukuma baiskeli kwa haraka. Mara ya tatu, gurudumu la nyuma lilisimama kwenye majani ya ukingo, na mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu Mombo, akasema tu, "Mwanangu, simama." Tulijikongoja hadi Soni, tukalala hapo, na asubuhi fundi pancha akaniziba tairi langu. Nilipolimulika lile tairi la akiba kwa tochi, niliona ubavu wake umepasukapasuka nyufa nyembamba kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi.

Hayo hayakuwa mkosi. Tairi la baba lilikuwa krosplai, na yale yangu matatu yaliyobaki yalikuwa radiali. Katika krosplai, nyuzi za ndani hupita kimshazari, tabaka moja likikata jingine, kwa hiyo ubavu na sehemu inayokanyaga barabara hufanya kazi kama kitu kimoja. Ubavu ukilala kwenye kona, kashata nayo hunyanyuka. Katika radiali, muundo ambao Michelin waliuandikishia hataza mwaka 1946, nyuzi hutoka ukingo mmoja hadi mwingine moja kwa moja, na chini ya kashata hufungwa mkanda, hivyo ubavu huweza kulala na kashata ikabaki bapa barabarani. Gari linapokata kona ya kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. La mbele kulia, radiali, lilishika. La nyuma kulia, krosplai tena zee, likaachia. Ndiyo maana kanuni ya kale ya mafundi husema usichanganye aina hizo mbili kwenye ekseli moja, na ukilazimika kuwa na aina mbili garini, radiali zikae nyuma. Kwenye Beetle ya miaka ile hatari huongezeka, kwa sababu injini iko nyuma na ekseli zake za nyuma huning'inia kwa namna ambayo gurudumu linaweza kujikunja kuelekea ndani pale mkia unaponyanyuka.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua, kabla hata ya kutazama bei, ni aina. Wapo wanaotaka krosplai kwa sababu ndizo gari lilitoka nazo kiwandani, na ukingo wake mwembamba hulipa gari sura yake halisi. Siwalaumu. Kwa gari la maonyesho, linalotembea kilomita chache kwa mwaka, zitatosha. Mimi gari langu linakwenda sokoni, msikitini na misibani, na kwa kazi hiyo nimechagua radiali bila kujuta. Lakini ukichagua moja, chagua kwa magurudumu matano.

Jambo la pili ni kipimo, na hapa ndipo wengi wetu hudanganywa, mara nyingi bila nia mbaya. Baada ya yale ya Soni, nilikwenda duka la matairi mjini kutafuta la akiba. Kijana aliyekuwa zamu, mwenye adabu na haraka, alinitolea 195/65 R 15, tairi ambalo limejaa kila duka kwa kuwa magari mengi madogo kutoka Japani huvaa hilo. Nikamwambia langu ni 165. Akanijibu, "Mzee, kumi na tano ni kumi na tano." Kwa urefu wa kimo kijana hakukosea sana: 195/65 ina kipenyo cha milimita 634 na ushee, na 165 ya zamani, ambayo isipoandikwa namba ya pili huhesabiwa kuwa na ubavu wa asilimia 80 hivi ya upana wake, hufika kama milimita 645. Spidomita isingeona tofauti kubwa. Tatizo ni upana. Rimu ya gari langu ina upana wa inchi 4, na tairi la 195/65 limekusudiwa rimu ya kuanzia inchi 5 na nusu. Ukilibana kwenye inchi 4, mabavu yake hubinuka kama puto lililoshikwa shingo, kashata hukanyaga kwa katikati tu, na kwenye kona tairi huyumba juu ya rimu. Nililinunua hata hivyo, kwa uchovu. Nyumbani halikukaa kwenye nafasi yake chini ya boneti, nikalirudisha kesho yake.

Nitaje kwa kifupi wenzangu wenye magari ya Kifaransa. Ukiona 165-380 kwenye Peugeot 403 au 404, hiyo 380 ni milimita, na ni sawa na inchi 15, hivyo 165 R 15 itaingia. Lakini 400 ya Citroën DS za mwanzo si 15 wala 16. Hakuna tairi la inchi litakalokaa hapo salama, na anayejaribu kulipigilia kwa mitarimbo anacheza na waya wa ukingo ambao ndio unaolishika tairi lisichomoke.

Rimu nayo inataka macho. Kati ya mwaka 1966 na 1968 Volkswagen walihama hatua kwa hatua kutoka boliti tano kwenda nne. Zile tano zimekaa kwenye duara pana la milimita 205, zile nne kwenye duara la milimita 130, na hakuna namna ya kuzioanisha. Nimeona mtu amebeba kwa miaka mitatu tairi la akiba zuri, jipya, kwenye rimu ya boliti nne, na gari lake ni la boliti tano. Alikuja kujua siku alipolihitaji. Anayeuziwa rimu kwenye vyuma chakavu aende na ile ya gari lake, aziweke kifua kwa kifua.

Rimu za zamani pia hazina kile kituta kidogo cha ndani kinachozuia ukingo wa tairi usiteleze wakati upepo umepungua, kwa hiyo lazima zitumie tyubu. Tyubu iwe ya radiali ikiwa tairi ni radiali, na kabla ya kuiingiza, fundi abandue lebo zote za karatasi zilizo ndani ya tairi, kwa kuwa lebo husugua tyubu hadi ikatoboka. Fundi mmoja mzee niliyemkuta Korogwe hupitisha kiganja chake ndani ya tairi, polepole, mzunguko mzima, akitafuta kwa vidole kile ambacho jicho halikioni. Kisha hupaka poda, hutia upepo kidogo ndani ya tyubu ili ikae bila mkunjo, ndipo humalizia upande wa pili. Alitumia dakika 40 kwa tairi moja. Tangu siku hiyo sijapata pancha ya ndani hata moja.

Umri wa tairi usomwe ubavuni. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonyesha wiki na mwaka: 3421 ni wiki ya 34 ya mwaka 2021. Zikiwa tatu, tairi ni la karne iliyopita, na la baba yangu lilikuwa na tatu. Sisi wa pwani tuna jua, chumvi na joto, na raba huchoka hata ikiwa haitembei; watengenezaji wengine hushauri tairi lisitumike zaidi ya miaka 10 hata likionekana zima. Tairi la akiba ndilo hasa linalotupumbaza, kwa sababu kashata yake haiishi. Matairi ya mfano wa zamani hutengenezwa kwa mafungu madogo, kwa hiyo anayeagiza aulize tarehe kwa maandishi kabla ya kulipa, na aombe yasisafirishwe yakiwa yamepachikwa moja ndani ya jingine, maana kupachika huko hupinda waya za ukingo. Na wanaopenda mduara mweupe ubavuni wanunue tairi lililotengenezwa nao. Ule wa kupachika pembeni husugua ubavu wa radiali, ambao umeumbwa kunepa.

Nimeacha mwisho lile ambalo makala yenu haikuligusa kabisa, nalo ndilo linalonifanya nione kwamba mwandishi hajawahi kufungua boneti ya Beetle ya miaka ya sitini. Katika Beetle za mwishoni mwa miaka hiyo, na katika langu lililofungwa mfumo huo, tairi la akiba lina kazi kila siku. Mrija mwembamba umeunganishwa na valvu yake, na upepo wake ndio unaosukuma maji ya kuoshea kioo. Kwa sababu hiyo hujazwa kupita mengine, karibu upepo 42 (kwa kipimo cha psi), na mrija una kizuizi kinachofunga kabla tairi halijalegea mno. Ujazo huo una faida nyingine. Kitabu cha gari kwa krosplai kilitaka upepo 16 mbele na 24 nyuma, na radiali huzidi hapo kidogo tu. Tairi la akiba lililojaa linaweza kwenda popote, kwa kupunguza upepo badala ya kutafuta pampu porini. Anayetia tairi lolote litakaloingia, tena zee, anajaza upepo 42 kwenye ubavu uliopasuka, inchi chache mbele ya tangi la mafuta.

Hapo naomba pia mafundi wetu watusamehe tunapowasumbua. Mazoea yao ni kutia upepo 35 kila gurudumu, kwa magari ya leo. Beetle ikijazwa hivyo mbele huwa nyepesi kwenye usukani na hutangatanga kila upepo wa lori unapoipiga, kwani tofauti ya mbele na nyuma imewekwa makusudi kulishika gari ambalo uzito wake mwingi uko nyuma. Mimi natembea na kipimo changu mfukoni, na sioni aibu kukitoa.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba mrekebishe ushauri ule. Wanaoagiza waagize matano kwa mara moja, ya tarehe moja na kipimo kimoja, na kila yanapozungushwa la akiba liingie kwenye zamu ili yote yazeeke pamoja. Kama fedha haitoshi, ni bora kusubiri miezi michache gari likiwa juu ya mawe kuliko kuagiza manne, kama nilivyofanya mimi. Na mwandishi wenu akipita Tanga, anakaribishwa. Nitamfungulia boneti, akibonyeze mwenyewe kitufe cha maji ya kioo, aone tairi la tano likifanya kazi.

Wenu,
Msomaji mwenye Volkswagen ya 1965,
Tanga