Wagonjwa wa Parkinson waulizwe na hali ya moyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na kukaza kwa mwili.

Mume wangu ni fundi cherehani hapa Tanga. Ugonjwa ulimwanzia mkono wa kulia: uzi ukawa haupiti tena kwenye tundu la sindano, na maandishi yake kwenye daftari la vipimo yakadidimia mpaka kijana wake wa kazi akashindwa kuyasoma. Lakini mimi ninayeishi naye nakumbuka kuwa alikuwa amebadilika kitambo kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Aliacha kwenda barazani kucheza bao. Usiku halali, mchana hana hamu ya chakula wala mazungumzo. Mtaani wapo waliosema anaringa, wengine wakasema ametupiwa kitu. Kisomo tulisoma, na dua hatuachi mpaka leo.

Kumbe huzuni ile ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na dopamini ndiyo inayouwezesha mwili kujongea sawasawa na kumpa mtu hamu ya mambo. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo inayogusa hisia, nayo hupungua. Ndiyo maana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, huweza kumwingia mtu miaka kadhaa kabla hata kidole hakijatetemeka.

Tena ni vigumu kuitambua kwa macho, kwa sababu misuli ya uso hukakamaa na mgonjwa akabaki na uso mkavu hata siku aliyofurahi. Ni lazima aulizwe. Kliniki wanamwambia mume wangu afumbe na kufumbua kiganja, agongeshe vidole, atembee mpaka mlangoni na kurudi. Habari ya moyo wake haikuulizwa mpaka nilipoitaja mwenyewe. Daktari akamwongezea dawa ya sonona, na baada ya wiki kadhaa akaanza kuulizia wateja wake na kukubali kutoka nje.

Kutoka huko ni tiba pia. Aliye na sonona hataki kutembea. Asipotembea mwili unazidi kukaza. Ukikaza anaona haya mbele za watu, anajifungia. Hata levodopa, dawa yake ya Parkinson, inapoisha nguvu kabla ya kidonge kinachofuata, miguu yake huwa mizito na simanzi humshukia saa hiyo hiyo. Kwa hiyo nyumbani kwetu kidonge kina saa yake, nusu saa kabla ya chakula, maana nyama na maharage huipunguza nguvu. Akinasa kizingitini, miguu kama imegandishwa sakafuni, hatumvuti, maana ataanguka. Nimechora mistari sakafuni kwa chaki yake ya kukatia nguo, naye anairuka mmoja mmoja mpaka anavuka mlango. Mtu aliyeshindwa kuinua mguu anauinua akiona mstari!

Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa ugonjwa wao. Ikiwa mtetemeko unaoonekana na kila mtu unapita hivyo, sonona itaonwa na nani? Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila mgonjwa wa Parkinson anaulizwa kliniki kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo yake, na levodopa isikosekane kwenye maduka ya dawa ya hospitali za mikoa. Dawa hii kuikatisha ghafla ni hatari.

Nanyi wenzangu mnaouguza, siku ya kliniki msisubiri kuulizwa. Semeni kwamba mgonjwa hapati usingizi, hataki kula, hataki wageni, anasema amekuwa mzigo. Na akitamka kuwa heri afe, msimkemee wala msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mama Salma,
Chumbageni, Tanga