Salamu za Krismasi kwa Wanamagongo Wenzangu

Wapendwa wachezaji, wazee wa klabu na jamaa zetu wote, nawatakia Krismasi yenye heri. Ligi yetu ya mpira wa magongo imesimama, wengi mmekwisha kukata tiketi za kwenda mashambani, na hii ndiyo sikukuu ya kwanza tunayoiadhimisha bila golikipa wetu, aliyetutoka mwaka huu.

Mliojiunga nasi karibuni huenda hamkujua kwamba alipoanza kucheza masikio yake yalikuwa mazima. Homa ya uti wa mgongo ilimwondolea kusikia kabisa, akakaa nje msimu mzima, kisha akarudi Jumamosi moja kutoka karakana yake ya useremala kule Gikomba, vumbi la mbao lingali kichwani, akadai lango lake. Sauti ya kuwapanga walinzi alikuwa nayo, tena kubwa kuliko awali, kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe. Taabu ilikuwa kipenga: aliendelea kujitupa miguuni pa washambuliaji mchezo ukiwa umekwisha kusimamishwa. Ndipo beki wa kulia akaanza kuinua gongo juu kila kipenga kilipolia, na baada ya muda timu nzima ikafanya hivyo, hata wapinzani. Kwenye kona ya penalti, pigo la adhabu ambalo kipa na wenzake wanne tu hulinda lango dhidi ya mpira unaotolewa kutoka mstari wa nyuma, aliwagusa mabega wenzake hao mmoja mmoja, kisha akakazia macho mikono ya anayeutoa mpira. Sijaona kipa mwingine aliyeisoma mikono vile.

Vijana wa uwanja wa City Park aliwakumbusha, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba mwaka 1971 Kenya ya nahodha Avtar Singh Sohal ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia kule Barcelona, enzi ambayo mchezo huu ulikuwa wa ridhaa kama wetu.

Aliwahi kunieleza kwamba upweke ulimzidi mezani pa Krismasi kuliko uwanjani, kwani jamaa huzungumza wote kwa pamoja na hakuna anayekumbuka kumgeukia. Kwa hiyo nawaomba, mwenye ndugu asiyesikia aketi akimwelekea, amweleze kinachochekesha wakati wengine wangali wanacheka.

Tutakaobaki Nairobi tutamtembelea mjane wake na watoto tarehe 26 Desemba alasiri; anayeweza kuja na aje. Krismasi njema, na Mwaka Mpya wenye afya.