Kudurusu kunakomhadaa mwanafunzi

Mhariri,

Naandika kuhusu lawama wanazotupiwa wanafunzi wa Lamu kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, kwamba ni wavivu. Wengi wao hukesha wakisoma. Wanachokosea ni uamuzi wa namna ya kusoma, na kosa hilo huwapata hata werevu. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002, alionyesha pamoja na Amos Tversky kwamba fikra za binadamu hupotoka kwa njia zinazotabirika, na linalotabirika mwalimu anaweza kulikinga.

Mwanafunzi anayerudia ukurasa uleule mara nne huona maneno yamekuwa mepesi, akadhani ameyahifadhi. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke lililochapishwa Marekani mwaka 2006, waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima bila kutazama maandishi ndio waliokumbuka zaidi. (Walimu wetu wa chuo cha Kurani, wanaomtaka mtoto afunge msahafu asome kwa ghibu, hawakungoja kuambiwa.)

Napendekeza walimu wakuu watenge dakika 10 mwanzoni mwa kipindi kwa maswali machache ya somo la wiki iliyopita, yasiyotiwa alama ili woga usiwatawale watoto. Kabla ya kujibu, kila mwanafunzi aandike anatarajia kupata mangapi, kisha alinganishe mwenyewe makadirio yake na aliyoyapata.

Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu