Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilipitisha sharti moja, nami nimelisimamia bila kulegeza: anayetaka kupiga picha, kwanza afanye kazi. Wapo walionung'unika kwamba hawakujiunga na chama cha kamera ili wabebe mawe. Nawaelewa, ila picha zimejibu zenyewe.

Waipā, bonde lililo kaskazini mwa kisiwa cha Kauai, Hawaii, kila Alhamisi watu wa kujitolea hukusanyika alfajiri kumenya magimbi yaliyochemshwa. Yakishasagwa yanakuwa poi, chakula kinachouziwa familia kwa bei nafuu. Ukisimama kando na lenzi ndefu utaambulia migongo. Walioketi mezani na kushika visu wamerudi na mengine: ncha ya kisu ikichokoa kidoa cheusi kwenye gimbi, vidole vinavyonata mpaka kifundoni, anti akimkaripia kijana anayemenya ganda nene na kutupa chakula. Bonde hilohilo ndilo lililopata mvua ya milimita 1,262 kwa saa 24, Aprili 2018, rekodi ya Marekani nzima. Mafuriko huvuta kamera. Alhamisi ya kawaida haina mpiga picha, na hiyo ndiyo tunayoitaka.

Heʻeia, kisiwani Oahu, kuna bwawa la kale la samaki, ekari 88, lenye ukuta wa mawe wa kama kilomita 2. Mafuriko ya 1965 yalibomoa sehemu yake. Pengo lilizibwa Desemba 2015, watu wamejipanga mstari wakipokezana mawe. Kazi nyingine ni kung'oa mikoko. Wenzetu waliokulia Lamu na Tanga hawakuamini macho yao, maana kwao mikoko hupandwa! Huko Hawaii mkoko ni mti wa kuletwa: ulipandwa kisiwani Molokai mwaka 1902 kuzuia matope, ukaenea, na mizizi yake inapasua kuta za mabwawa. Picha hizo zisitoke bila maelezo, la sivyo watu wa pwani yetu watasema tunashangilia uharibifu.

Kuhusu idhini: makaburi hatupigi, watoto mpaka mzazi akubali, na kila familia ipate nakala zake kabla hazijaonyeshwa popote. Uchapishaji wa nakala ndio uliokula fedha nyingi; mweka hazina atawasomea hesabu.

Picha za machweo zimetuzidi. Mwakani hazitapokelewa.

Nafasi ya mtunza picha iko wazi. Anayeitaka ajiandikishe kwa katibu kabla hatujafunga kikao, na awe mtu asiyechoka kuandika tarehe na mahali.