Risala ya Kikundi cha Elimu ya Uraia kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na Mtendaji wa Kijiji,
Wazee wetu, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kijijini kwetu. Ratiba yako imebana na barabara yetu umeionja, hivyo historia tutaipitia mbiombio.

Kikundi kilianza mwaka 2012, Tume ya Mabadiliko ya Katiba ilipokuwa ikikusanya maoni ya wananchi. Yetu tuliyatoa. Kura ya maoni ya kupitisha katiba mpya ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, nasi tupo tunaisubiri.

Mafanikio ni makubwa. Tuna mhuri, tuna daftari la kumbukumbu, na tumebandika kwenye baraza la ofisi ya kijiji Ibara ya 8 ya Katiba, isemayo wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Wasomaji huongezeka sana masika, maana baraza hilo lina bati.

Mheshimiwa, changamoto ni nyingi ila leo tunaleta moja: Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inataka uitishwe kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe. Kwetu huitishwa pakiwa na mchango wa kukusanya au mgeni wa kupokea. Tukiulizia mapato na matumizi tunajibiwa kuwa akidi haijatimia. Akidi hiyohiyo dakika chache kabla ilitosha kupitisha mchango.

Boma la zahanati tulilolichangia limeishia kwenye lenta. Wawezeshaji wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, utaratibu wa wanakijiji kupanga vipaumbele vyao wenyewe, walipokuja, tuliiweka zahanati namba moja. Bajeti iliporudi ilikuwa na ukarabati wa ofisi. Huenda sababu ilikuwepo, na pengine nzuri, lakini hakuna aliyekuja kutueleza.

Wageni rasmi waliokutangulia, tunawashukuru sana, waliahidi kulifanyia kazi. Mmoja alisema "ndani ya wiki mbili", tukampigia makofi ya nguvu. Ahadi zao tumeziandika kwenye daftari, na daftari tumekuja nalo.

Katibu alipendekeza tukuombe spika. Wanachama wakakataa, wakasema sauti wanazo, wanachokosa ni kikao. Hivyo tunakuomba, kwa unyenyekevu, umwelekeze Mtendaji hapahapa, mbele yetu, ataje tarehe ya mkutano. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye mbao za matangazo wiki moja kabla, na fedha ya boma ionekane humo shilingi kwa shilingi. Halmashauri nayo, ikiweka kando kipaumbele chetu, ituletee sababu kwa maandishi.

Katika nakala yako, Mheshimiwa, tumeacha nafasi wazi mbele ya neno "tarehe". Kalamu anayo katibu.

Naomba kuwasilisha.